Uhispania Iliyokuwa Karibu na Chumba cha Kufulia

Mafuta ya cheni ya baiskeli yana harufu yake. Si kama grisi ya gari, ile inayokaba koo. Haya yana utamu kidogo, kama mtu kachanganya mafuta ya taa na peremende. Mimi hunusa harufu hiyo siku sita kwa wiki, maana kazi yangu ni kwenye duka la baiskeli hapa Sulimaniyah, Riyadh, na pua yangu ishaacha kulalamika. Nauza, nafuta, napaka mafuta, na nikikuona una hela zaidi ya akili nakuongezea na kofia ya kulinda kichwa.

Wiki iliyopita aliingia mteja mmoja, mama wa Kisaudi mwenye miguu ya chuma. Alitaka kujaribu ule mtambo wa kuendeshea baiskeli ndani ya nyumba: unatoa gurudumu la nyuma, unafunga baiskeli kwenye mtambo, unawasha skrini mbele, kisha unakanyaga hapo hapo huku barabara inapita kwenye skrini. Nikamfungia. Akachagua barabara mwenyewe, akakanyaga kama anafukuzwa. Adhana ya adhuhuri ilipolia akashuka, akaenda kuswali. Skrini ikaganda. Nikanyanyua kitambaa nifute pedali, nikatupa jicho juu, na hapo ndipo nikamwona mbwa.

Mbwa wa kahawia, kando ya nguzo, kainua mguu wa nyuma.

Jamani, mbwa yule namjua. Namjua tangu nina miaka sita.

Wale mliokulia Mahjar kama mimi mtanielewa. Jeddah ya kusini, vyumba viwili, paa la kuanikia nguo, na jirani kila mlango ana lugha yake. Baba yangu, mtu wa Voi, alikuwa dereva wa tajiri mmoja huko Rawdah, kwenye majumba yenye miti iliyokatwa nywele. Mama alikuwa anakwenda nyumba hiyo hiyo mara mbili kwa wiki, Jumanne na Jumamosi, kupiga pasi. Mimi nilikuwa mdogo wa kuachwa na mkubwa wa kubebwa, basi nikawa naburutwa. Baba aliniita Chiriku kwa sababu ya mdomo. Mama naye aliniita majina mengine, kwa sababu hiyo hiyo.

Bosi alikuwa mwendesha baiskeli. Simaanishi ya kwenda dukani. Namaanisha mtu mzima mwenye tumbo dogo na ndevu nzuri, anavaa kaptura ya kubana mpaka mama anageuza uso, anapanda baiskeli nyembamba kama mbu, na gari lake la maana linamfuata nyuma polepole na baba yangu ndani, amewasha ubaridi. Wakati wa baridi walikuwa wanatoka hivyo alfajiri. Lakini Jeddah wakati wa joto hutoki. Hewa yenyewe inakuwa kama supu. Basi bosi akajifungia kwenye chumba kimoja chini, mlango wa pili kutoka chumba cha kufulia alikokuwa anapigia pasi mama, na humo ndani ndimo ilimokuwa Uhispania.

Nawaambia nilichokiona. Skrini ilijaa ukuta mzima. Bosi amekaa juu ya baiskeli isiyo na gurudumu la nyuma. Feni kubwa inampulizia ndevu. Akikanyaga, barabara inakuja. Mashamba ya ngano yanakuja, rangi ya mkate uliotoka kuiva. Mizeituni inakuja, imepangwa mistari kama wanafunzi paredi. Kuna miti mingine imechunwa ganda mpaka kiunoni, shina jekundu nje, nikawa naionea haya, nafikiri imevuliwa suruali. Chini ya miti hiyo walikuwepo nguruwe weusi, wengi, wametulia tu, na bosi akifika hapo alikuwa anageuza uso ukutani mpaka wapite, kana kwamba wataruka watoke. Barabara tupu. Saa nzima unaweza kuona gari moja na mzee mmoja na fimbo yake. Halafu kwa mbali, juu ya kilima, mji wa mawe.

Mji huo ndio nilikuwa nausubiri. Ulikuwa na ukuta kuuzunguka, mkuu, wa zamani, na milango ya mawe iliyopinda juu. Mlango mmoja ulikuwa na mnara, na juu ya mnara korongo wawili na kiota chao kama kapu la nguo chafu. Bosi anaingia hapo. Kulia kuna ngazi zimewekwa makopo ya maua. Mbele kuna duka la mkate lenye pazia la shanga. Njia inabanwa, inabanwa, unadhani mabega ya bosi yatakwaruza ukuta, halafu inashuka, na hapo chini kuna bomba la mawe lenye sura ya simba, maji yanamtoka mdomoni.

Hapo ndipo bosi alikuwa anasimama. Kila siku. Anaacha kukanyaga, anashuka, anajifuta jasho, anamwita mfanyakazi wa ndani, "Ya Mwikali! Chai!" Anakunywa vikombe viwili taratibu, na mkononi ananipa tende moja, maana mimi nilikuwa nimekaa mlangoni juu ya zulia lililokunjwa, kimya, na ukimya wangu ulikuwa kitu cha kulipiwa. Na wakati wote huo wa chai, Uhispania yote imesimama. Maji ya simba yamesimama hewani. Mwanamke kwenye dirisha amesimama na shuka mkononi. Na yule mbwa, kando ya nguzo, kainua mguu anataka kukojoa na hawezi, mpaka bosi amalize chai.

Nilimhurumia mbwa yule kuliko nilivyowahi kumhurumia binadamu. Nyinyi mmewahi kubanwa na mkojo? Sasa fikirieni mtu mwingine ndiye mwenye ruhusa, na anaongeza sukari.

Kwa hiyo kichwani mwangu mambo yalikuwa wazi kabisa. Uhispania ni chumba. Kiko Rawdah, mlango wa pili kutoka kwa mama. Na watu wa Uhispania wanaishi kwa miguu ya bosi: akikanyaga wanatembea, akiacha wanaganda. Sikumuuliza mtu. Mtoto anauliza vitu asivyovijua, hiki nilikuwa nakijua.

Ndiyo maana siku baba aliposema anakwenda Uhispania, mimi sikuinua hata kichwa.

Nyumbani kulikuwa na msiba mdogo. Bosi alikuwa ameamua kwenda kuendesha barabara ile ile aliyoifanyia mazoezi, wiki tatu, na dereva wa kumfuata na gari ni baba. Mama akapika mahamri ya safari kama anayepeleka jeshi. Majirani wakaja. Mama akalia kidogo, akafuta, akalia tena. Mimi niko chini natazama katuni.

"Chiriku," baba akasema, amesimama mlangoni na begi. "Hunipi mkono?"

"Si nitakuona Jumanne?"

"Jumanne? Mimi nakwenda Uhispania, mwanangu."

"Ndiyo. Jumanne."

Watu wakacheka. Baba naye akacheka, lakini alisimama pale kidogo zaidi ya mtu anayecheka. Akaninusa utosi, akaenda. Nakumbuka nilimsukuma kwa kiwiko, maana kichwa chake kilikuwa kimeziba katuni.

Jumanne ikafika. Tuliposhuka kwenye teksi nilikimbia mbele ya mama, nikapita kando ya geti, nikapita chumba cha kufulia, nikafungua mlango wa pili.

Giza.

Feni imesimama. Skrini nyeusi. Baiskeli haipo. Ule mtambo uko peke yake katikati ya chumba, umefunikwa shuka jeupe, na nyinyi mnajua ni nani hufunikwa shuka jeupe.

Anti Mwikali alikuwa anapita na kapu la nguo. Huyu ndiye yule wa chai, Mkamba wa Kitui, mrefu, mcheshi, analala pale pale nyumbani. Nikamshika sketi.

"Anti, baba yuko wapi?"

"Baba yako si yuko Uhispania na bosi."

"Mbona imezimwa?"

Akatupa jicho ndani ya chumba. "Mimi ndiye nimezima. Nani anataka stima iende bure? Wiki tatu hakuna mtu. Halas." Akaondoka zake na kapu, anaimba.

Nilibaki nimeshika hewa. Amezima. Ameizima Uhispania, na baba yuko ndani. Nikamwona baba waziwazi: amesimama kwenye ile njia nyembamba, mguu mmoja mbele, mdomo wazi, hawezi kufumba jicho, na hakuna mtu wa kukanyaga kwa wiki tatu. Na mimi sikumpa mkono.

Sikupiga kelele. Hilo ndilo hunishangaza hadi leo, maana mimi ni mtu wa kelele. Niliingia, nikafunga mlango, nikavua lile shuka. Baiskeli haikuwepo, lakini kwenye mtambo yalibaki yale meno ya gia yanayobeba cheni, meusi, yanameta mafuta. Nikayashika kwa mikono miwili, nikazungusha. Yalikuwa mazito. Yakalia trrr, trrr. Nikazungusha tena. Harufu ile ya mafuta ya taa na peremende ikanijaa puani. Nikazungusha huku machozi yananitiririka na mikono imekuwa ya fundi wa gari, na skrini bado nyeusi, nikawa nasema, "Baba tembea. Baba tembea."

Mama alinikuta hivyo. Aliingia na simu sikioni, amepauka.

"Nyamaza," akaniambia, ingawa nilikuwa sisemi kitu cha kusikika. Kisha kwenye simu: "Umempoteza vipi? Bosi ni sindano?"

Nikasikia sauti ya baba ikitoka kwenye simu. Nikaacha kuzungusha, halafu nikashtuka, nikazungusha haraka zaidi.

Hadithi yenyewe, kama baba alivyokuja kuisimulia miaka yote baadaye, ilikuwa hivi. Asubuhi yote alimfuata bosi vizuri, kwenye barabara tupu za mashambani, yeye na gari na bosi na mbu wake wa chuma. Wakafika mji wa mawe. Bosi akapita kwenye mlango wa ukuta, akanyoosha mkono kusema zunguka. Gari haliwezi kupita, mlango ule ulijengwa kwa ajili ya punda. Baba akazunguka ukuta ili akamngoje upande wa pili. Akangoja. Nusu saa. Saa nzima. Akazunguka tena, akakuta kumbe milango ni minne, yote inafanana. Simu ya bosi iko ndani ya gari. Maji ya bosi yako ndani ya gari. Na pasipoti ya baba iko kwenye mkoba wa bosi, mkoba uko mgongoni mwa bosi, na bosi hayupo.

"Nikimpigia madam nimekwisha," baba alikuwa anasema kwenye simu. "Nitamwambia nini? Nimempoteza mume wako? Akitokea amekasirika ni tiketi ya kurudi, ikama ya kukaa huko halas, na nyie wawili pamoja na mimi. Akitokea ameanguka mahali..."

"Uliza watu," mama akasema.

"Watu gani? Saa hizi za mchana huku wote wamelala. Mji mzima umefunga madirisha. Niliyempata ni ajuza mmoja, kanipa chungwa."

Hapa ni lazima niwaambie kitu. Mpaka siku hiyo baba alikuwa amemwendesha bosi yule miaka tisa na hajawahi kukanyaga ndani ya nyumba. Dereva mwisho wake getini, kwenye kibanda chake na birika lake. Kile chumba hakukijua. Na mama alikuwa mlango wa pili, lakini mama alikuwa anatazama pasi. Mtu pekee wa familia yetu aliyekuwa ameijua ile barabara, kona kwa kona, alikuwa na miaka sita na mikono michafu.

"Yuko kwa simba," nikasema.

"Nyamaza, nimekwambia."

"Bosi yuko kwa simba! Anakunywa chai. Huwa anashuka hapo kila siku!"

Mwikali alikuwa ameshafika mlangoni kwa ajili ya zile kelele. Akanitazama mimi, akatazama mtambo, akatazama mama. "Ngoja," akasema. "Huyu mtoto hasemi uongo. Mimi ndiye hupeleka chai." Akaingia, akabonyeza, skrini ikawaka.

Na pale pale, ukuta mzima, pakatokea bomba la mawe, simba na maji yake hewani, na mbwa kainua mguu. Bosi alikuwa ameacha hapo siku ya mwisho. Nikazungusha gia kwa nguvu zote. Maji yakaanguka. Mbwa akashusha mguu, akajikung'uta, akaondoka.

"Yesu," Mwikali akasema.

Mama akanipa simu, akawasha picha. Uso wa baba ukatokea, una jasho, nyuma yake ukuta wa mawe na jua kali. Mwenzenu nilikuwa nimeshaamini. Sasa nikawa na ushahidi. Yuko ndani kweli.

"Baba! Umesimama mlango gani?"

"Chiriku, mpe mama simu."

"Kuna ndege wakubwa juu?"

Akageuza simu. Ukuta, mnara, hakuna kitu.

"Siyo huo. Tafuta mlango wenye ndege, wana kapu la nguo chafu."

Halafu nikasikia viatu vyake vinakimbia kwenye kokoto, na pumzi, na simu ikawa inaonyesha mbingu, ukuta, mbingu, kidole gumba. Ikasimama. Korongo wawili, juu ya mnara, mmoja amekunja mguu.

"Haya," baba akasema, sauti yake imebadilika. Hakuwa anaongea tena na mtoto. "Nipo. Kisha?"

"Ingia. Upande huu kuna ngazi, zina maua ya makopo."

"Upande upi?"

Sikujua kulia na kushoto. Mwikali akaunyanyua ule mkono niliounyoosha, akaninong'oneza, "Kulia."

"Wa kulia!"

"Naziona."

"Usipande. Pita. Kuna duka lenye shanga mlangoni. Halafu njia inabana, usiogope, bosi anapitaga. Halafu inashuka."

Na hapo picha ikaganda. Baba katikati ya njia nyembamba, mguu mmoja mbele, mdomo wazi. Vile vile kabisa nilivyomwona kwenye kichwa changu.

Nilimtupia mama simu. Nikarudi kwenye gia na mikono yote miwili. Mama anasema, "Ni mtandao, mwanangu, ni mtandao tu," mimi sijui mtandao, mimi najua gia. Nikazungusha. Trrr, trrr. Vidole vinateleza kwa mafuta. Mwikali akachuchumaa upande wa pili, sijui kwa nini, hata yeye hajui mpaka leo, akaweka mkono wake juu ya wangu, tukazungusha wote. Mama naye akaacha kusema mtandao. Ikabaki ile trrr tu. Kwenye skrini mashamba yalikuwa yanapita, ngano, mzee na fimbo, ngano tena.

Kisha kwenye simu: "...nimefika."

Baba alikuwa amesimama kando ya bomba. Nyuma yake, kwenye kivuli, bosi. Amekaa kwenye ukingo wa mawe, amevua viatu, miguu yote miwili iko ndani ya birika la maji la kunyweshea punda, baiskeli imelala pembeni na pancha. Anakula mkate. Tukasikia sauti yake, haina hasira hata kidogo, ina njaa tu.

"Umechelewa. Chai iko wapi?"

"Kwenye gari, bosi."

"Si unajua mimi husimama hapa?"

"Najua, bosi."

Mwikali alianguka chini kwa kicheko, ameziba mdomo na aproni, maana madam alikuwa juu amelala. Mama alikaa kwenye zulia langu lililokunjwa, akaweka kichwa kwenye magoti. Mimi nikanyakua simu.

"Baba, mbwa yupo hapo?"

"Mbwa gani tena?"

"Hapo kwenye nguzo. Mbwa."

Akaangalia. "Hapana mbwa, Chiriku. Pana nguzo tu."

"Basi amemaliza," nikamwambia. Nilikuwa nimechoka, mikono inaniwasha. Nilijua ni nani aliyemfungulia.

Sasa mtu mwenye akili angeishia hapo. Lakini zilikuwa zimebaki wiki mbili na siku kadhaa, na mimi nilikuwa nimepata wajibu. Kila Jumanne na Jumamosi nilizungusha. Siku zile nyingine nililia mpaka Mwikali akaniapia, mkono juu, kwamba yeye atazungusha asubuhi kabla ya kufagia na jioni baada ya vyombo. Nilimwuliza kila nilipomwona. "Ulizungusha?" "Nilizungusha." "Mara ngapi?" "Mpaka mkono ukauma." Miaka mingi nikadhani alikuwa ananidanganya ili ninyamaze. Juzi juzi nilimwuliza kwa simu, yuko kwao Kitui sasa, ana duka la nguo. Akaniambia, "Jioni tu. Asubuhi nilikuwa nakudanganya."

Baba alirudi mweusi zaidi na mwembamba zaidi, na jani la mzeituni ndani ya pasipoti. Safari hii nilimpa mkono, nikakataa kuuachia, akala chakula kwa mkono wa kushoto na mama hakusema kitu. Ikabidi nimweleze yote: chumba, gia, mbwa. Hakucheka. Alisikiliza kama mtu anayeelezwa gari limeharibika wapi.

Na bosi? Bosi alipata kanzu moja nyeupe yenye alama nyeusi ya kiganja changu kidogo kwenye pindo. Mama alikuwa ameifua kwa ndimu, kwa poda, kwa dua, kiganja kikabaki cha kijivu, akaificha chini ya zote. Bosi akaifikia. Akauliza. Mama akasema kweli yote, mpaka ile ya kupotea. Baba akaitwa. Akapita geti, akavua viatu mlangoni, akavishika mkononi, akapita chumba cha kufulia, mara ya kwanza katika miaka tisa. Tulidhani ni tiketi ya kurudi. Bosi akamwonyesha zulia lililokunjwa, akasema, "Kaa," akapanda baiskeli, akakanyaga. Baba akaiona barabara yake yote tena, mashamba, miti iliyovuliwa suruali, korongo. Walipofika kwa simba bosi akashuka, akaita chai, na vikombe vilikuwa viwili. Wakanywa. Mimi nilikuwa natazama mbwa.

Tangu hapo nyumbani kwetu hatusalimiani kama watu wengine. Baba akipiga simu hasemi hujambo. Anasema, "Unazungusha?" Nami najibu, "Nazungusha." Nilipoacha shule darasa la sita, nilipokuja Riyadh kutafuta kazi, aliposafiri yeye kurudi Voi moja kwa moja na magoti yake mabovu, maneno ni hayo hayo. Amezeeka. Ana kuku na redio. Mimi ndiye niliye mbali sasa, na ikama yangu na kafili wangu anayenidhamini na chumba changu cha watu wanne.

Basi wiki iliyopita, yule mteja yuko msikitini, mbwa yuko kwenye skrini kainua mguu, nikampigia baba kwa picha. Akatokea, ameshika simu karibu mno kama wazee wote, pua na nusu ya jicho.

"Unazungusha?"

"Baba, angalia," nikamgeuzia skrini.

Halafu nikasikia anacheka, kile kicheko chake cha kifuani. "Bado hajamaliza yule?"

"Bado."

"Na wewe? Umekula? Mbona umekonda? Hao Waarabu wanakulisha?"

"Nimekula, baba."

"Mimi nakuona uko ndani ya simu huko, mdogo hivi. Kila siku namwambia mama yako, mtoto wetu yuko ndani, tusimwache akaganda. Asubuhi nikishafungulia kuku," akaiweka simu mezani, akarudi nyuma mpaka nikamwona mzima, mkongojo na kofia na yote, akainua mikono miwili mbele yake akaanza kuzungusha kitu ambacho hakipo, "nafanya hivi. Majirani wanadhani ni mazoezi ya daktari."

Na hapo picha ikaganda. Mikono yake juu, mdomo wazi, jicho moja limefumba.

Mimi nina miaka ya kutosha. Nafanya kazi na hii mitambo, najua kilicho ndani yake, najua mtandao wa Voi saa za mchana. Mlangoni yule mteja alikuwa amerudi, anavaa viatu vyake vya baiskeli, ananitazama. Nikachuchumaa, nikashika pedali kwa mkono, nikazungusha.

Mbwa akashusha mguu. Nikaendelea kuzungusha, macho kwenye simu, mpaka baba akasogea.